Istanbul: Chai Ulaya, chajio Asia

KUVUKA kutoka bara moja hadi jingine, wengi wetu huwaza pasipoti, mizigo ya kupimwa na foleni ndefu kwenye uwanja wa ndege. Jijini Istanbul, Uturuki, ni safari ya dakika 20 hivi. Unagusisha kadi kwenye lango la feri pale Eminönü, upande wa Ulaya, unatafuta kiti karibu na dirisha, unaagiza gilasi ya chai, na kabla hujaimaliza vizuri mmefika Kadıköy, upande wa Asia.

Wafanyakazi, wanafunzi, kina mama wenye mifuko ya mboga, wote wanavuka mabara asubuhi na jioni, na wala hawashangai. Ukiwa umezoea Likoni, utaielewa hali hiyo haraka sana. Tofauti ni kwamba feri hizi ni za abiria tu, na shakwe wanazifuata nyuma wakisubiri abiria wawarushie vipande vya mkate.

Kwa kijana wa Nairobi au Mombasa, mji huu si mgeni kama unavyodhani. Drama za Kituruki zimeingia sebuleni mwetu, nyingine zikiwa na sauti za Kiswahili. Ingia Eastleigh na utasikia muuzaji akikuapia kwamba suruali ile "ni ya Turkey, si ya kwingine." Wapenzi wa Liverpool hawajasahau usiku wa Mei 2005, timu yao ilipokuwa chini 3-0 mapumzikoni dhidi ya AC Milan, ikasawazisha na kushinda kwa penalti katika uwanja wa Atatürk. Wa Manchester City wana lao la 2023, Rodri alipofunga bao la pekee dhidi ya Inter katika uwanja uo huo.

Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, na ukishuka huna haja ya kugeuza saa. Uturuki na Kenya zinatumia saa ile ile mwaka mzima.

Shida ni kwamba Wakenya wengi wanaopita huko huuona mji kupitia kioo cha uwanja wa ndege, wakisubiri ndege ya kuwapeleka Ulaya au Marekani. Wanaotoka nje nao hupiga picha tatu zile zile za msikiti, soko na mnara, kisha wakarudi. Tuseme ukweli, huo ni uharibifu wa nauli. Mji huu una mengi, na baadhi yake yanatuhusu sisi kuliko vitabu vya watalii vinavyosema.

MAJI YALIYOJENGA MJI

Anza na maji, kwa sababu bila maji hakuna Istanbul. Mlango-bahari wa Bosphorus una urefu wa kilomita 30 hivi na unaunganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara. Mahali pembamba zaidi ni mita 700 tu, umbali ambao mtu wa mazoezi anaumaliza kwa dakika chache. Magharibi ni Ulaya, mashariki ni Asia.

Wagiriki waliweka mji hapa karne ya saba Kabla ya Kristo, wakauita Byzantion. Mwaka 330 Mfalme Konstantino wa Roma akaufanya makao yake makuu, ukawa Constantinople. Tarehe 29 Mei, 1453, Sultan Mehmed wa Pili akauteka akiwa na umri wa miaka 21. Ndiyo, 21, umri ambao wengi wetu tunangoja matokeo ya semesta. Tangu hapo ukawa mji mkuu wa dola ya Uthmaniya hadi dola hiyo ilipoanguka. Jamhuri ilipotangazwa 1923, makao makuu yalikuwa yamehamishiwa Ankara, na mwaka 1930 jina Istanbul likawa rasmi kwa dunia nzima.

Lakini usidhani maji haya ni historia tu. Meli zinazopita hapa kila mwaka huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na chini ya Mkataba wa Montreux wa 1936 ni Uturuki inayosimamia nani apite. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza 2022, ngano ikakwama katika Bahari Nyeusi na bei ya unga ikapanda hata kwetu, maana Kenya hununua ngano kutoka nchi hizo mbili. Julai mwaka huo mkataba wa kuruhusu nafaka ipite ulitiwa saini papa hapa Istanbul, katika Kasri la Dolmabahçe, na meli zikawa zinakaguliwa kwenye maji ya mji huu. Takriban tani milioni 33 zilipita kabla ya mkataba kuvunjika Julai 2023.

Kwa hivyo ukisimama ukingoni ukaona meli kubwa ya mizigo ikipita polepole nyuma ya misikiti, kumbuka chapati yako. Huenda imewahi kupita hapo.

SULTANAHMET: PAZURI, ILA NENDA MAPEMA

Mtaa wa Sultanahmet ndio kila mgeni huanzia, na ni haki yake. Ndani ya mwendo wa dakika tano kwa miguu kuna mambo matatu mazito.

La kwanza ni Hagia Sophia, ambayo Waturuki huiita Ayasofya. Mfalme Justinian aliijenga kwa miaka mitano tu, 532 hadi 537, na kwa karibu miaka 1,000 lilikuwa kanisa kubwa zaidi duniani. Kuba lake lina upana wa mita 31 hivi na liko mita 55 juu ya sakafu. Lilianguka mwaka 558 baada ya matetemeko, likajengwa upya. Baada ya 1453 jengo likawa msikiti, miaka ya 1930 likafanywa makavazi, na Julai 2020 likarudi kuwa msikiti. Kuta zake zina Bikira Maria aliyeundwa kwa vijiwe vya rangi, na karibu yake mabamba makubwa ya duara yenye majina ya Mwenyezi Mungu na Mtume Muhammad. Dini mbili, paa moja.

Sakafu ya chini ni ya waumini. Mtalii hupanda ghorofa ya juu, na tangu Januari 2024 hulipa euro 25. Ni pesa nyingi, lakini huko juu kuna kitu kitakachokuchekesha. Kwenye ukingo wa marumaru, mwanajeshi mmoja kutoka Skandinavia alichora jina lake kwa herufi za kwao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Sehemu inayosomeka inaonyesha aliitwa Halvdan. Kumbe tabia ya kuandika "nilikuwa hapa" kwenye dawati la shule ina mababu!

La pili ni Msikiti wa Sultan Ahmed, ule ambao wageni huuita Msikiti wa Buluu kwa sababu ya vigae vyake. Ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 na una minara sita. Kuingia ni bure, ila hufungwa kwa watalii saa za swala, na Ijumaa mchana usijisumbue. Mabega na magoti yafunikwe, kina dada wabebe mtandio, viatu vivuliwe mlangoni. Soksi zenye tundu zitakuaibisha, zingatia hilo.

La tatu liko chini ya miguu yako. Yerebatan ni birika kubwa la maji lililochimbwa wakati wa Justinian, karne ya sita, kwa ajili ya kuhifadhi maji ya mji. Paa lake limebebwa na nguzo 336, kila moja ikiwa na urefu wa mita tisa hivi. Nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani zaidi, ndiyo maana hazifanani. Nguzo mbili mwishoni zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele. Kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa kichwa chini.

Mabeste watakwambia upige picha hapo. Piga, lakini pia nyamaza dakika moja usikilize maji yakidondoka.

WAAFRIKA WA KASRI NA WA SOKO

Nyuma ya Hagia Sophia liko Kasri la Topkapı, nyumba ya masultani kwa takriban miaka 400, ambalo tangu 1924 ni makavazi. Watalii hukimbilia almasi na mapanga ya dhahabu. Wewe ingia sehemu inayoitwa Harem, ambako mama, wake, masuria na watoto wa sultani waliishi. Karibu na lango utaonyeshwa ua na vyumba vya matowashi weusi.

Hawa walikuwa Waafrika, wengi wao kutoka Sudan na Uhabeshi, waliotekwa wakiwa watoto, wakahasiwa na kuuzwa. Kazi yao ilikuwa kulinda na kuendesha Harem. Mkuu wao alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu zaidi katika dola nzima. Hacı Beşir Ağa, aliyezaliwa Uhabeshi, alikishikilia cheo hicho kuanzia 1717 hadi alipofariki 1746, akajenga maktaba, misikiti na shule. Ni historia ngumu kuibeba, ya mtu aliyenyang'anywa kila kitu utotoni kisha akawa na uwezo wa kupandisha na kushusha mawaziri. Usikubali mtu akuuzie upande mmoja tu wa hadithi hiyo.

Na si kasrini pekee. Karibu na Soko Kuu palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa miaka ya 1840. Biashara ya watumwa weusi ilipigwa marufuku rasmi mwaka 1857, ingawa magendo yaliendelea kwa miaka mingi. Wajukuu wa wale waliosalia bado wapo, hasa upande wa Izmir na pwani ya Aegean. Wanazungumza Kituruki, ni raia wa Uturuki, na wanajiita Waafro-Turuki.

Hapa ndipo mambo yanapotugusa Wakenya. Mmoja wao, Mustafa Olpak, alikuwa fundi wa marumaru. Alichimbua historia ya ukoo wake na kugundua kwamba wazee wake walitekwa Kenya, wakauzwa kisiwani Krete, na hatimaye kizazi chao kikaishia Uturuki. Kitabu alichokichapisha kinaanza na maneno matatu kwenye jalada: Kenya, Krete, Istanbul. Mwaka 2006 alianzisha chama cha utamaduni cha Waafrika huko Ayvalık, na mwaka uliofuata ile Sikukuu ya Ndama, ambayo Waafrika wa huko walikuwa wakiisherehekea enzi za Uthmaniya, ikafufuliwa. Olpak alifariki 2016.

Kwa hivyo ukikaribia mlango wa Soko Kuu ukiwa na pasipoti ya Kenya mfukoni, unapita mahali ambapo huenda mtu wa kwenu aliwahi kusimamishwa na kupimwa bei. Hakuna kibao kikubwa cha kukwambia hivyo. Ndiyo sababu nimekwambia mimi.

NAHODHA WA KITURUKI ALIYEFIKA MOMBASA

Uhusiano huo una sura nyingine pia. Miaka ya 1580, nahodha wa Uthmaniya aitwaye Ali Bey alishuka kutoka upande wa Yemeni na merikebu zake hadi pwani yetu. Miji kadhaa ya Waswahili, iliyokuwa imechoshwa na Wareno na kodi zao, ilimpokea kwa mikono miwili, Mombasa ikiwa mstari wa mbele. Alirudi mara ya pili, na mwaka 1589 Wareno wakaleta kikosi kutoka Goa, wakamkamata Mombasa na kumpeleka Ureno.

Baada ya kutishwa hivyo, Wareno waliamua kwamba Mombasa lazima iwe na ngome ya maana. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Yaani ile ngome uliyopelekwa na shule ukiwa darasa la sita, sababu moja ya kuwepo kwake ni Mturuki aliyekuja kuwapa Wareno presha.

SOKONI: KABLA HUJATOA GANJI

Soko Kuu, Kapalıçarşı kwa Kituruki, lilianzishwa na Mehmed wa Pili muda mfupi baada ya kuuteka mji. Lina vichochoro zaidi ya 60 na maduka yapatayo 4,000, yote chini ya paa moja. Utapotea. Kubali mapema kwamba utapotea, kisha utembee kwa raha. Jumapili hufungwa.

Muuzaji atakukaribisha chai. Kwa Kituruki chai ni hivyo hivyo, *çay*, na huja kama strungi, haina maziwa, kwenye gilasi ndogo yenye kiuno. Kuikubali hakukulazimishi kununua, ingawa mwenyewe utaanza kuona haya. Kupatana bei ni desturi. Bei ya kwanza ichukulie kama salamu. Ukishasema bei yako na akakubali, lakini, lipa. Kuondoka hapo ni utovu wa adabu, kule na hata Gikomba.

Ukitaka kununua nguo za biashara, watalii hawakuhusu. Panda tramu hadi Laleli, mtaa wa jumla ambako wafanyabiashara kutoka Afrika, Urusi na nchi za Kiarabu hujaza magunia. Huko duka linauza kwa furushi, si kipande kimoja. Anayetaka kuanza hustle ya nguo ajifunze kwanza gharama za kusafirisha na ushuru wa Kenya, ndipo apige hesabu ya faida. Bei ya Laleli peke yake inadanganya.

Kwa zawadi ndogo, nenda Soko la Viungo karibu na feri za Eminönü. Lilijengwa miaka ya 1660 na Waturuki huliita Soko la Misri. Mtu wa Pwani atahisi yuko Marikiti: karafuu, mdalasini, bizari, zafarani, na harufu ya kahawa mpya iliyosagwa inayokuvuta hadi nje.

GALATA, NA MERI ZILIZOTEMBEA NCHI KAVU

Kutoka sokoni, vuka Daraja la Galata kwa miguu. Juu yake wavuvi wamejipanga bega kwa bega na ndoano zao, mvua au jua. Chini na kando yake huuzwa *balık ekmek*, samaki wa kuchoma ndani ya mkate na vitunguu. Ni chakula cha mfuko mwembamba na kinashibisha.

Maji unayoyavuka hapo ni Haliç, ghuba nyembamba iliyokuwa bandari ya mji wa kale. Wakati wa vita, Wabizanti walivuta mnyororo mkubwa wa chuma kuziba mlango wake ili meli za adui zisiingie. Mehmed aliuona mnyororo, akaona hawezi kuukata. Aprili 1453 akaamuru merikebu karibu 70 zivutwe nchi kavu, juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, zikapandishwa kilima na kuteremshwa ndani ya ghuba nyuma ya mnyororo. Walinzi wakaamka na kukuta adui amekwishaingia.

Kuna kisa kingine cha vita hivyo ambacho kila kijana mwenye kipaji anafaa kukijua. Fundi wa mizinga kutoka Hungary, Orban, alikwenda kwanza kwa mfalme wa Constantinople kutafuta kazi. Mfalme hakuwa na pesa za kumlipa. Orban akavuka upande wa pili, Mehmed akamlipa vizuri, naye akamtengenezea mizinga iliyobomoa kuta zilizokuwa zimesimama miaka 1,000. Wakubwa wanaopenda kulipa vijana kwa "exposure" wasome hapo mara mbili.

Mnara wa Galata, uliojengwa na Wagenoa mwaka 1348, uko juu ya kilima. Foleni yake ni ndefu. Ukitaka mandhari ya bure, panda badala yake hadi Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu Sinan, uliokamilika 1557. Kutoka ua wake wa nyuma unaona Haliç, Galata, Bosphorus na Asia kwa pamoja, na hakuna anayekudai senti.

UPANDE WA PILI WA MAJI

Wageni wengi hawafiki Asia, na hapo ndipo wanapokosea. Kadıköy haina makasri makubwa. Ina soko la samaki, maduka ya vitabu vya mitumba, kuta zilizochorwa, mikahawa iliyojaa wanafunzi, na paka. Paka wa Istanbul ni habari yao wenyewe: wanalala juu ya viti vya mikahawa na wateja ndio wanaosimama. Karibu hapo ni nyumbani kwa Fenerbahçe, mahasimu wa Galatasaray wa upande wa Ulaya. Siku ya debi usivae rangi ovyo ovyo.

Wagiriki walijenga hapa mji wa Chalcedon kabla ya Byzantion. Herodotus anasimulia kwamba jemadari mmoja wa Uajemi aliwaita watu wa Chalcedon vipofu. Wangewezaje kuchagua ukingo huu na kuuacha ule mzuri zaidi ulio mkabala? Kaa ukingoni jua likizama nyuma ya minara ya upande wa Ulaya na utajua alikosea. Anayeishi Sultanahmet hawezi kuiona Sultanahmet. Anayeishi Kadıköy anaiona kila jioni.

Kidogo kaskazini ni Üsküdar, penye misikiti ya kale na Mnara wa Binti, kijumba kilichokaa peke yake juu ya mwamba baharini. Kati ya Üsküdar na Kadıköy iko kambi ya Selimiye, ambako Florence Nightingale aliwauguza wanajeshi wa Uingereza wakati wa Vita vya Crimea, miaka ya 1850. Wanafunzi wa uuguzi, hapo ndipo taa yenu ilipowashwa.

Kurudi Ulaya una njia nyingi. Daraja la kwanza lilifunguliwa 1973, la pili 1988 na la tatu 2016. Mbio za marathoni za Istanbul, zilizoanza 1979, huanzia Asia na kuvuka lile la kwanza, na Wakenya wameshinda huko mara nyingi tu. Lakini jaribu Marmaray, treni inayopita chini ya bahari, iliyozinduliwa Oktoba 29, 2013.

Mradi huo ulichelewa miaka kadhaa, na sababu yake inafaa kujadiliwa kwetu pia, penye barabara na bandari mpya kila mwaka. Walipochimba kituo cha Yenikapı, wajenzi waliangukia bandari ya kale iliyofukiwa na mchanga, ikiwa na mabaki ya meli 37 za enzi za Byzantium. Chini yake zaidi kulikuwa na makazi na nyayo za watu walioishi hapo yapata miaka 8,000 iliyopita. Wakubwa walinung'unika kwamba mradi unacheleweshwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wakaendelea na brashi zao. Leo treni inapita, na meli zile zimeokolewa. Vyote viwili viliwezekana.

MAMBO YA KUJUA KABLA HUJAPANDA NDEGE

Viza kwanza. Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza kuingia Uturuki. Aliye na viza halali au kibali cha kuishi cha nchi za Schengen, Uingereza, Marekani au Ireland anaweza kuomba ya mtandaoni. Wengine hupitia ubalozi. Masharti hubadilika, kwa hivyo hakikisha kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki kabla ya kulipa, maana zipo tovuti zinazofanana nayo na kazi yake ni kukutoza zaidi.

Ukiwa unapita tu na utangoja ndege ya Turkish Airlines kati ya saa sita na 24, shirika hilo lina ziara za bure za mji kwa abiria wake wa kimataifa. Hata hivyo, bila viza hutoki nje ya uwanja, kwa hivyo panga mapema.

Nunua Istanbulkart ukifika. Kadi hiyo moja inalipia tramu, metro, basi, feri na Marmaray, na ndiyo matatu yako ya siku nzima. Ile safari ya feri ya kawaida inakupa karibu mandhari yale yale ambayo mashua za watalii huuza kwa bei ya kuumiza.

Matapeli nao wapo. Mpiga viatu rangi ataangusha brashi mbele yako, wewe kwa utu wako uiokote, kisha atakusafishia kiatu "bure" na kukudai pesa. Mwingine atakuita rafiki, mzungumze mpira, akupeleke kwenye baa anayoijua yeye. Bili itakayokuja haitakuwa ya urafiki. Teksi nayo hakikisha mita imewashwa.

Na kama una siku moja tu, fanya hivi. Fika Hagia Sophia mapema kabla ya makundi, kisha Yerebatan. Topkapı ikufikishe adhuhuri, ila si Jumanne, hufungwa. Kula samaki Eminönü. Pita Soko la Viungo, panda Süleymaniye, ushuke kupanda feri ya alasiri kwenda Kadıköy. Jioni tembea huko, kula, kisha urudi kwa Marmaray.

Lugha isikutishe. Waturuki wengi hawazungumzi Kiingereza, lakini Kiarabu na Kiajemi viliwakopesha wao maneno kama vilivyotukopesha sisi. *Kahve* ni kahawa, *saat* ni saa, *kitap* ni kitabu, *kalem* ni kalamu, *sabun* ni sabuni, *dünya* ni dunia, *asker* ni askari, *sandık* ni sanduku, *bahşiş* ni bakshishi. Ukimaliza kula, mwite mhudumu, sema *hesap* na uongeze *lütfen*, yaani tafadhali. Atakuletea hesabu yako. Isome vizuri kabla ya kulipa.